Uniti Unazochagua Leo na Milango ya Kesho



Ndugu zangu na dada zangu, wazazi wetu na maustadhi wetu. Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya vijana baada ya tarawehe, na ndugu wa jarida wameniomba niyaandike ili na asiyekuwapo apate kusoma. Nimeyaacha karibu yalivyokuwa. Kwa hivyo ukiona nasema "wewe," jua ni wewe hasa, wewe unayeshika ukurasa huu sasa.

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, swali mitaani huwa ni moja: nisome kozi gani? Shangazi auliza, mjomba auliza, na jirani naye ana lake la kusema. Ni swali zuri. Lakini kuna swali la pili ambalo hatuulizani, na kwa mtu mwenye nia ya kuendelea hadi uzamili au uzamivu, hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Nalo ni hili: ukishaingia ndani ya hiyo kozi, utachagua uniti gani?

Sababu yake ni hii. Ukiomba nafasi ya shahada ya pili, unapeleka cheti na unapeleka transkripti. Cheti ni karatasi moja yenye jina lako na jina la shahada. Transkripti ni orodha ya kila uniti uliyoifanya, muhula kwa muhula, na alama yake. Familia hukitundika cheti ukutani. Kamati ya chuo huisoma transkripti mstari baada ya mstari.

Umesoma kitabu gani, na kwa nani?

Jambo hili sisi tuliopita madrasa lisitushangaze. Ukienda kwa maalim mpya hakuulizi umesoma miaka mingapi. Akuuliza: umesoma vitabu gani, na kwa nani? Ukimwambia nataka kusoma Minhaj, ataka kujua kwanza kama umepita Safina. Ukitaka tafsiri ya Qur'ani, atataka kujua nahau na sarufi yako iko wapi. Hakuna ubaya wowote hapo. Ajua tu kwamba darsa la juu limejengwa juu ya darsa la chini, na akikuingiza bila msingi utakaa pale ukitikisa kichwa na hufahamu lolote.

Chuo kikuu nacho ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba maalim akuuliza mdomoni, na chuo chauliza kwa karatasi. Na karatasi ile unaanza kuiandika muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza, wakati ambapo wengi wetu bado twatafuta hosteli.

Mfano wa uchumi

Tuchukue mfano mmoja tuuone vizuri. Tuseme kuna vijana wawili, wote wamesomea shahada ya uchumi katika chuo kimoja, na wote wamepata daraja la pili la juu. Huyu wa kwanza, kila alipopewa nafasi ya kuchagua, alichagua uniti ambayo watu husema "hiyo ni ya bure." Wa pili alichukua zile zile za lazima, lakini nafasi za hiari akazijaza kalkulasi, aljebra ya matriksi, takwimu na ekonometriki. Vyeti vyao vinafanana neno kwa neno.

Sasa wote wawili wataka uzamivu wa uchumi Marekani. Kule mtu anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi vikubwa humlipia mwanafunzi wa uzamivu karo na kumpa posho ya kuishi. Yaani kwa mtoto wa mtu asiyekuwa na kitu, mlango ule pesa siyo kufuli yake. Kufuli yake ni hisabati. Mwaka wa kwanza wa uzamivu wa uchumi hufundishwa kwa hisabati tupu, na idara nyingi hupenda kumwona mwombaji aliyefanya kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya matriksi, takwimu, na hata lile somo la juu la kuthibitisha kwa hoja kila kanuni ya kalkulasi. Vyuo vingi huwapa wanaoingia kambi ya hesabu ya wiki kadhaa kabla ya masomo kuanza, lakini ile ni ya kukumbushana. Wiki kadhaa hazimfundishi mtu alichokikimbia miaka minne.

Huyu kijana wa pili ataomba, na maombi yake yatasomwa. Wa kwanza naye ataomba, na huenda asijue kamwe kwa nini hakujibiwa vizuri. Atasema ni bahati, au atasema kuna ubaguzi. Na pengine sababu ni uniti nne alizozikwepa akiwa na miaka ishirini.

Usiseme hayo ni ya Marekani. Hapa hapa Nairobi kuna AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika ulioanzishwa 1988. Tangu 1993 unaendesha mpango wa uzamili wa uchumi kwa kushirikiana na vyuo vikuu kadhaa vya bara hili. Ndani ya masomo ya lazima ya mpango ule, pamoja na nadharia za uchumi, zimo njia za hesabu na takwimu. Hisabati haikungoji ng'ambo tu, hata nyumbani iko mlangoni.

Na Ujerumani je? Wengi twapenda kuitaja kwa sababu vyuo vingi vya umma kule havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg lilianza 2017 kuwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini wenzetu wale wana utaratibu wao. Masomo ya Ulaya hupimwa kwa pointi, mwaka mzima ni pointi 60, na pointi moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Programu nyingi za uzamili hutaja wazi: tunataka pointi kadhaa za hisabati, kadhaa za takwimu, kadhaa za somo lenyewe. Ukipungukiwa, maombi yako yaweza kukataliwa hata kama alama zako zinang'aa. Hawakuchukii. Wamehesabu tu, na hesabu haikutimia.

Siyo uchumi peke yake

Mtu asije akasema, mimi sisomi uchumi, haya hayanihusu. Angalia udaktari. Hapa Kenya mtu huingia udaktari kutoka sekondari na kusoma miaka sita. Marekani huanza na shahada ya kwanza, halafu ndipo aombe chuo cha udaktari. Na shahada hiyo ya kwanza yaweza kuwa ya historia au ya muziki, bora awe amefanya uniti za biolojia, kemia na fizikia zinazotakiwa, kisha afanye mtihani wa MCAT. Waona? Jina la shahada halikumzuia. Kilichotazamwa ni uniti.

Angalia ualimu, kozi ambayo watoto wengi wa pwani na wa kaskazini huichukua. Mwanafunzi wa ualimu huchagua masomo mawili ya kufundisha. Kama moyo wako uko kwenye isimu na fasihi, na siku moja wataka uzamili wa Kiswahili, basi Kiswahili kiwe mojawapo ya yale mawili, na ukipewa nafasi ya uniti za ziada ziweke upande ule. Usichague somo kwa sababu rafiki zako wote wako darasa lile. Rafiki zako hawatakuwa kwenye kamati.

Angalia afya. Muuguzi au mwanabiolojia anayetaka uzamili wa epidemiolojia ataulizwa takwimu. Ukiona kwenye orodha ya uniti za hiari kuna takwimu za tiba, usiipite kama unayepita duka lililofungwa.

Na sisi wa madrasa tuna jambo letu hasa. Wengi wetu tuna Kiarabu, wengine Kiarabu kizuri. Anayetaka uzamivu wa masomo ya Kiislamu katika vyuo vya Magharibi hutakiwa Kiarabu, na mara nyingi pia aweze kusoma lugha nyingine ya utafiti kama Kifaransa au Kijerumani. Lakini Kiarabu ulichokisoma chuoni kwa maalim, baada ya alasiri, juu ya mkeka, hakimo kwenye transkripti yako. Kimo kichwani tu. Kama chuo chako kikuu kina uniti za Kiarabu, zichukue hata kama wajua utapita bila taabu, ili ujuzi ule upate mahali pa kuandikwa. Kama hakina, tafuta mtihani unaotambuliwa, ufanye, uweke karatasi. Na Kifaransa, kikiwapo chuoni kwako, anza nacho sasa. Lugha haisomwi mwezi mmoja kabla ya kuomba.

Lakini alama zangu je?

Hapa kuna ndugu atasema: wewe wanishauri nichukue uniti ngumu, nikianguka nani atanilipia? Ni hoja ya haki, wala sitaipita kwa haraka.

Katika vyuo vyetu vingi, alama 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini, na 40 hadi 49 ni kupita tu. Kwa uzamili, hapa nyumbani na Uingereza pia, kwa kawaida hutakiwa daraja la pili la juu. Hapa nyumbani mwenye la pili la chini mara nyingi huambiwa alete na uzoefu wa kazi. Kwa hivyo alama ni kizingiti cha kwanza. Ukianguka chini ya 60 kwa sababu ulijibebesha hisabati tano muhula mmoja, hukufanya ushujaa. Umejifungia mlango mwingine.

Kwa hivyo hatusemi chukua kila kigumu. Twasema chagua vichache unavyovihitaji, uvipange. Kimoja kigumu kwa muhula, ukizungushe na uniti unazozimudu. Anza na cha msingi kabla ya cha juu, maana anayerukia ekonometriki bila takwimu atalia na atalia peke yake. Alama ya B kwenye uniti inayotakiwa yakufaa kuliko A kwenye uniti isiyokuwa na mwenyewe. Lakini D kwenye uniti inayotakiwa haikusaidii kitu, afadhali ungesubiri mwaka mmoja ukajitayarisha.

Fanya nini sasa?

Njia ninayoiona ni moja: anza mwishoni, urudi nyuma. Chagua programu tatu za uzamili ambazo ungependa kuingia, moja ya hapa nyumbani, moja ya Afrika na moja ya mbali. Soma masharti yao kwa makini, yapo wazi. Andika kila uniti wanayoitaja. Kisha chukua orodha ya uniti za chuo chako uweke alama. Zile zinazolingana ndizo zako, hata kama saa zake ni mbaya na mhadhiri wake hacheki.

Pili, tunza muhtasari wa kila uniti, ile karatasi ambayo mhadhiri hutoa wiki ya kwanza yenye mada, saa na vitabu. Wengi huitupa au huifungia maandazi. Nilivyokwambia habari ya pointi za Ulaya, ni karatasi hiyo itakayoonyesha ulisoma nini na kwa saa ngapi. Transkripti itasema "Takwimu II," na mtu aliye Ujerumani hajui Takwimu II ya chuo chako ina nini ndani.

Tatu, fuatilia alama zako. Sote twajua habari ya alama zinazopotea. Umefanya mtihani, umeketi mpaka dakika ya mwisho, na kwenye matokeo pana nafasi tupu. Usingoje mwaka wa nne. Muhula ule ule nenda idarani, andika barua, weka nakala. Nafasi tupu moja yatosha kukuchelewesha kufuzu, na tarehe za maombi hazimngoji mtu.

Nne, jua kwamba unapochagua uniti, umechagua na mwalimu. Maombi ya uzamili hutaka barua za mapendekezo, mara nyingi mbili au tatu, na barua nzuri huandikwa na mhadhiri anayekujua. Mhadhiri wa darasa la watu mia nne hakujui hata ukipata A. Yule wa uniti ngumu yenye wanafunzi kumi na watano atakujua kwa jina, atajua na ulipokwama ukaamka. Mradi wako wa utafiti wa mwaka wa mwisho nao uufanye upande ule ule unaotaka kwenda. Usiuchukulie kama jambo la kumaliza ili uondoke.

Kwa wazazi wetu

Wazazi, twajua mnavyojinyima. Twajua ng'ombe aliyeuzwa na dhahabu ya mama iliyokwenda kwa sonara. Ombi letu ni dogo. Mtoto akija nyumbani, pamoja na kumuuliza amebakisha miaka mingapi, muulizeni: muhula huu wasoma uniti gani, na kwa nini? Hata kama wewe hukusoma, uliza. Akishindwa kukueleza, huenda hata yeye hajajiuliza. Na binti akisema ataka kuchukua hisabati, asiambiwe hiyo ni ya wavulana. Ukimfungia uniti leo, umemfungia shahada ya kesho, na hukumwambia.

Na wale wenye wadogo, jueni kwamba uchaguzi sasa umeteremka chini zaidi. Katika mtaala mpya wa CBE, mtoto akiingia sekondari ya juu huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba hisabati itakuwa ya aina mbili, moja nzito ya mkondo wa sayansi na nyingine nyepesi kwa wengine. Kabla mtoto hajajaza fomu, kaeni naye mwulize ataka kusomea nini chuo kikuu, na hiyo kozi yataka hisabati gani.

Na aliyekwisha kumaliza?

Najua wapo wanaosoma hapa na roho zao zimeingia baridi, maana wamekwisha kufuzu na transkripti imekwisha kuandikwa. Ndugu yangu, transkripti haifutiki, lakini yaweza kuongezewa. Kuna diploma ya uzamili, kuna uniti moja moja za kulipia, kuna kusoma uzamili wa hapa nyumbani kwanza ukajenga msingi ndipo uombe uzamivu wa mbali. Na kuna kazi. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1983, wataka mwombaji awe na angalau miaka miwili ya kazi, yaani saa 2,800. Kwa mlango kama huo, miaka uliyokaa ukifundisha au ukifanya kazi ofisini haikupotea. Njia itakuwa ndefu kidogo, lakini ipo.

Wala hatusemi kila mtu lazima asome uzamili. Fundi mzuri, mfanyabiashara mwaminifu, mwalimu wa shule ya kijijini, hawa ndio wanaoishikilia jamii. Asiyetaka kuendelea, aamue mwenyewe hivyo, na hana lawama. Kinachouma ni yule aliyetaka, akaweza, na mlango ukafungwa tu kwa sababu hakuna aliyemwambia ulipo.

Kwa hivyo nina pendekezo kwa jumuiya yetu, na ningependa lianze kabla ya Idi. Vijana walio vyuoni tukusanyike usiku mmoja baada ya tarawehe, kila mmoja aje na transkripti yake na orodha ya uniti za kozi yake. Tuketi na wanaongoja kuingia, kozi kwa kozi: wa uuguzi huku, wa sheria kule, wa uchumi pale. Waulize watakalo. Hakuna hotuba siku hiyo, hata mimi sitasimama. Kahawa na tende zitatosha.

Tuliopata kujua jambo, tumepata amana. Tuwafikishie wenzetu kabla dirisha la kusajili uniti halijafungwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.